Sura ya 6: Garimoshi Ndani ya Kinanda

Nyumbani kwa bibi, Ngamiani, Tanga, kinanda kilikaa juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikileta mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa baharia, safari moja katikati ya miaka ya 1980. Kilikuja ndani ya boksi, na boksi hilo liliishi kuliko kinanda chenyewe: likatiwa vitabu vya shule, likatiwa nguo za mtoto, mwisho paka akazalia humo. Ubavuni mwake palikuwa na maandishi. Lau mmoja wetu angejisumbua kuyasoma, sura hii isingekuwepo.

Siku hizo betri zilikuwa za kutafuta. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati, jioni tukazirudisha, nazo zikatupa dakika chache za neema kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kwa dakika hizo hakuna mtoto anayejifunza kupiga wimbo. Tulijifunza jambo jepesi na tamu zaidi: kuwasha mapigo. Unasukuma swichi, na ngoma inaanza kulia mahali ambapo hapana ngoma wala mpigaji. Bibi alikuwa akiita kutoka uani, "Zimeni hilo zimwi, linamaliza betri!" Sisi tulikuwa tumeshaanza kucheza.

Majina ya mapigo yaliandikwa kwa Kiingereza, nasi Kiingereza hatukuwa nacho. Tukayapa yetu. Samba tulilisoma Simba, na hakuna aliyetusahihisha. Waltz tuliliita Punda Kilema, kwa kuwa lilikwenda kwa tatu: hatua moja nzito, mbili za kuchechemea. Na lile lililoandikwa Rock tuliliita Garimoshi. Hilo ndilo lililokuwa letu hasa. Dada yangu ndiye aliyegundua kwamba ukiliwasha, kisha ukabonyeza kidude fulani upande wa kushoto, chini ya ngoma inaingia besi inayokimbia bila kuhema, kama mabehewa yanayogonga maungio ya reli. Mtoto wa Tanga hahitaji kufundishwa mlio huo.

Miaka michache baadaye tulikuwa tumekaa barazani, kijana mmoja akapita na redio kaseti begani. Ndani yake mwanamume alikuwa akiimba Kiingereza cha Jamaika, na chini ya sauti yake, wazi kabisa, ilikuwa besi yetu. Niliruka. Niliamini kuna mtu aliyeingia sebuleni kwa bibi akarekodi kinanda cha mjomba. Dada alisikiliza kidogo, akasonya, akasema, "Garimoshi lenyewe limechoka." Na kweli, lilikwenda taratibu kuliko letu.

Mashahidi wanne

Kinanda kile hakipo tena. Kilipelekwa kwa fundi kikarudi bila sauti, kikapelekwa kwa mwingine hakikurudi kabisa. Nilipoanza kutaka kujua kilikuwa cha aina gani, nilikuwa na mashahidi wanne na sikuwa na picha hata moja. Dada alisema cheupe. Binamu mmoja akaapa cheusi. Wa pili akasema kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama akasema, "Mwanangu, mimi nakumbuka vumbi lake tu." Urefu nao haukusaidia, kila mmoja alitanua mikono kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka.

Nikabadili swali. Niliacha kuuliza kilifananaje, nikauliza kililiaje. Hapo mashahidi wanne wakawa shahidi mmoja. Walipiga Punda Kilema mezani kwa vidole, kila mtu nyumbani kwake na kwa siku yake, na wote waliipiga kwa mwendo uleule. Binamu aliyeapa cheusi alikumbuka hata mahali ambapo Simba hupandisha pumzi kabla ya kurudi mwanzo.

Nadhani najua sababu. Mpigangoma wa kweli hapigi mara mbili sawasawa. Leo ana furaha, kesho mkono unamuuma. Kinanda kilitupigia mdundo uleule, kwa nafasi ileile, mamia ya mara, wala hakikukosea hata siku moja. Hakuna shairi tulilokaririshwa vile shuleni, hata kwa fimbo. Kwa hiyo yeyote anayetafuta kinanda kilichopotea utotoni asianze na rangi. Aanze na mapigo, ayapige mezani, awapigie na wenzake waliokuwepo. Kisha ndipo aende kwenye hesabu.

Hesabu ya vidole

Swali la kwanza la hesabu ni hili: ulipobonyeza vitufe viwili kwa pamoja, vyote vililia, au kimoja kilinyamaza? Vinanda vidogo kabisa vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Casio VL-1 ilikuwa hivyo. Ilikuwa nyembamba, yenye vitufe 29 mithili ya vya kikokotoo, na kikokotoo kweli kilikuwemo: ungeweza kujumlisha deni la dukani, kisha ukapiga wimbo wa kujiliwaza. Mapigo yake 10 yaliundwa kwa sauti tatu tu, ambazo ukiziiga kwa mdomo zinatoka "po", "pi" na "sha". Kundi la Trio la Ujerumani liliutumia mdundo huo wa kikokotoo katika wimbo "Da Da Da" wa mwaka 1982, na wimbo ukazunguka dunia. Kama kinanda chako kilisema po, pi, sha, utafutaji wako umeishia hapa.

Swali la pili: kiliwahi kurudia sauti yako? Kama mlikifanya kibweke kwa sauti ya mbwa wa jirani, au kiimbe kwa jina la mtoto mliyekuwa mnamtania, basi yaelekea ni Casio SK-1 ya katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa na vitufe vidogo 32, kipaza sauti tumboni, na nafasi ya kunasa sauti isiyozidi sekunde moja na nusu. Muda huo unatosha jina moja na kicheko.

Swali la tatu ni la ukubwa wa vitufe. Vilikuwa vyembamba vya kidole cha mtoto, au vipana kama vya piano? Kwa Yamaha, herufi PSS kwa kawaida ni za vile vyenye vitufe vidogo, ukoo wa PortaSound, na PSR ni za vitufe vikubwa, wale waliozoeleka sana makanisani na kwenye kumbi za harusi. Kwa Casio, VL, PT, SK na SA kwa kawaida ni wadogo, MT wengi wao ni wadogo, na CT, baadaye CTK, ni wakubwa. Herufi hizi mara nyingi huandikwa pia chini ya tumbo la kinanda, karibu na mfuniko wa betri. Mahali penyewe ndipo mtoto anapoangalia kila siku akienda kuanika betri, na ndipo asiposoma kamwe.

Swali la nne: sauti ulizichaguaje? Kama ulikuwa unaandika namba mbili kupata filimbi au zeze, upo kwenye zama za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, zama za kina SA waliojisifia sauti 100. Kama zilikuwa chache na za kusukumiwa swichi, rudi nyuma.

Swali la tano ndilo linalopendwa na mafundi, kwa sababu halidanganyi: ngoma ilikuwa imetengenezwa na nini? Katika vinanda vya zamani hapakuwa na ngoma iliyorekodiwa. Mpigo mzito ulikuwa wimbi fupi la umeme linalozimika upesi, ukilisikia ni kama mtu amegonga debe lililofunikwa nguo. Mpigo wa katikati, ule wa "chh", ulikuwa kelele tupu, ndugu wa ile inayosikika redioni kati ya stesheni na stesheni, iliyokatwa kipande kifupi. Sikiliza kitunguu kinapoingia kwenye mafuta ya moto, ndiyo hiyo. Kipande kifupi zaidi kikawa toazi. Vinanda vya baadaye vilibeba sauti za ngoma halisi ndani ya chipu, na "chh" ikatoweka. Kwetu ilikuwa kitunguu. Kwa jibu hilo peke yake nilifuta nusu ya orodha yangu.

Orodha ya mapigo na hoteli ya kale

Kuna fumbo lililomsumbua kila mtoto aliyewahi kushika kinanda. Kwa nini humo mna Waltz, Swing, Bossa Nova, na katika vingine hata Beguine, ngoma ya Martinique na Guadeloupe, lakini hamna chakacha wala mdundiko? Hata Rhumba, ukiiwasha kwa furaha, si ile ya Franco wa Kongo. Gitaa halipandi, hakuna anayeitwa kucheza; inakwenda kwa adabu kama mtu aliyevaa viatu vinavyobana.

Jibu liko kwenye samani. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ilianza kuuza Sideman, kabati la mbao la kusimama sakafuni. Ndani yake diski ilizunguka ikigusa ncha za umeme, na kila mguso ulikuwa pigo. Lilitengenezwa limsindikize mpiga ogani aliye peke yake, sebuleni au kwenye ukumbi wa hoteli, anayetakiwa apige waltz kwa wazee, foxtrot kwa wanandoa, na cha-cha kwa walioongeza glasi. Mwaka 1967, Japani, Ikutaro Kakehashi alitoa Rhythm Ace FR-1 kupitia kampuni yake ya Ace Tone. Humo hamkuwa na diski, saketi ndiyo iliyopiga, na mapigo yalikuwa 16 ya kuchagua kwa vibonyezo. Kakehashi huyohuyo ndiye aliyeanzisha Roland mwaka 1972.

Mashine zikapungua ukubwa, kutoka kabati kuwa sanduku, kutoka sanduku kuwa kona ya ogani, kutoka kona ya ogani kuwa kijiswichi kwenye plastiki. Orodha ya mapigo ikarithiwa pamoja na majina yake. Mtoto wa Ngamiani aliposukuma swichi ya Punda Kilema, alikuwa anahudumiwa kwa orodha iliyoandikwa kwa ajili ya wageni wa hoteli ya Marekani wa kabla yeye hajazaliwa.

Lakini orodha ni majina tu. Chini ya kila jina lazima mtu fulani aketi, aamue pigo hili likae hapa na lile pale. Mtu huyo haandikwi kwenye boksi wala chini ya tumbo la kinanda. Kwa vinanda vingi jina lake limepotea. Kwa Garimoshi, halikupotea.

Binti wa rege

Casio haikuanzia kwenye muziki. Ndugu wanne wa ukoo wa Kashio walitoa kikokotoo chao cha umeme, 14-A, mwaka 1957, kitu cha ukubwa wa meza. Mmoja wa ndugu hao, Toshio, aliupenda muziki na hakuwa mpigaji; aliota chombo ambacho mtu kama yeye angeweza kukifurahia. Kampuni iliyokwisha kujua kubana hesabu ndani ya chipu iligundua kwamba sauti nayo ni hesabu. Mwaka 1980 ikatoa Casiotone 201, kinanda chenye sauti 29 tayari kwa kupigwa.

Mwaka huohuo iliajiri msichana aliyekuwa ametoka chuoni, Hiroko Okuda. Alisoma Chuo cha Muziki cha Kunitachi, Tokyo, na tasnifu yake ilihusu rege. Alikuwa amemwona Bob Marley jukwaani alipozuru Japani mwaka 1979. Miongoni mwa kazi zake za kwanza kabisa ilikuwa kutunga mapigo ya kinanda kidogo kilichokuwa kinaandaliwa, MT-40, kilichotoka mwaka 1981.

Fikiria kazi yenyewe. Mshairi hupewa vina na mizani. Yeye alipewa vipimo vichache, ngoma za kitunguu, na besi moja. Akilimaliza pigo, litarudi mwanzo na kurudi tena mpaka mtu achoke au betri ziishe, kwa hiyo mshono wa mwisho na mwanzo usionekane. Kwa swichi iliyoandikwa Rock alitunga besi inayokimbia na kupinda kidogo. Okuda mwenyewe amesema alichota hisia kutoka kwenye rock ya Uingereza aliyoisikiliza miaka ya 1970. Rege hakuikusudia. Lakini mtu aliyekula na kulala na rege mpaka akaiandikia tasnifu, rege hiyo haiondoki mkononi kwa sababu amebadilishiwa jina la swichi.

Kingston, 23 Februari 1985

Kinanda kimoja cha MT-40 kilifika Kingston, Jamaika, mikononi mwa Noel Davey. Yeye na mwimbaji Wayne Smith walilikuta pigo la Rock, wakalipeleka kwa mtayarishaji Lloyd James, aliyejulikana kama Prince Jammy. Jammy aliusikiliza mdundo, akaupunguza mwendo ukae kwenye hatua ya rege, akaongeza piano na makofi. Wayne Smith akaimba juu yake "Under Mi Sleng Teng".

Usiku wa tarehe 23 Februari 1985, kwenye barabara ya Waltham Park jijini Kingston, vyombo vya Jammy vilikutana na vya Black Scorpio katika mpambano. Mpambano wa namna hiyo si mgeni kwa mtu wa pwani aliyekulia mashindano ya vikundi vya taarabu au beni: kila upande unaleta kile ambacho mwenzake hana jibu lake. Jammy alileta Sleng Teng, na upande wa pili haukuwa na jibu. Tangu hapo rege ya Jamaika ikageukia mashine. Mdundo ule ukawa kama kanga ya harusi inayoazimwa mtaa mzima: mamia ya nyimbo yameimbwa juu yake, kila mwimbaji na maneno yake. Wayne Smith alifariki mwaka 2014; mdundo bado unaazimwa. Okuda aliyeutunga akiwa Tokyo alikuja kujua habari hizo baadaye, kama mtu anayeambiwa kuwa mwanawe amekuwa mkubwa ugenini.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini. Kumbe dada alisema kweli tangu barazani. Garimoshi lilikuwa limechoka. Jammy ndiye aliyelichosha, kwa makusudi.

Kwa fundi

Dhana peke yake kwamba kinanda cha mjomba kilikuwa MT-40 haitoshi, nikaipeleka Kariakoo kwa fundi wa redio mwenye mvi, ambaye meza yake imejaa matumbo ya vinanda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nimeleta mdundo."

Hakucheka. Aliweka chini bisibisi, akainamisha kichwa, nami nikampigia Garimoshi kwa mdomo na kwa vidole juu ya meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza shahidi yeyote. "Hiyo besi ilikuwa inatoka kwenye vitufe hivihivi vya kupigia, au kushoto kulikuwa na vijitufe vyake pembeni, vimejitenga?"

Nikampigia simu dada palepale. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamuuliza kile kidude alichokuwa akibonyeza Garimoshi likapata besi kilikuwa wapi. Hakufikiri hata kidogo. "Kushoto kabisa kulikuwa na vidude vidogo vingi. Cha pili. Cha kwanza kilikuwa kinanguruma, bibi hakukipenda."

Fundi alitabasamu. MT-40 ina vitufe 37 vya kupigia, na kando yake, upande wa kushoto, vijitufe 15 vya besi. Ukiweka swichi ya mapigo kwenye Rock, ukabonyeza kitufe kilichoandikwa Synchro, kinanda kinasubiri. Ukigusa kijitufe cha pili kutoka kushoto, yaani D, unaingia mdundo wa Sleng Teng. Ndiyo njia wanayoifuata wapenzi wa rege duniani mpaka leo. Dada aliifuata akiwa na umri wa miaka tisa, kwa kumkwepa bibi.

Tuliongea sana siku ile. Fundi aliniambia kwamba Casio za zamani hazikumpitia kwa ajili ya rege. Zililetwa na vijana wa mchiriku. Mchiriku ni muziki wa mitaa ya Dar es Salaam wenye mizizi kwenye ngoma za Wazaramo. Kinanda kidogo cha Casio huunganishwa na ampilifaya na spika za honi, sauti ikakunjamana na kupata makali, na kando yake ngoma hupigwa kwa kasi, pamoja na kigoda kinachochapwa kwa vijiti. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala liliupeleka muziki huo nje ya nchi kwa albamu yao "Bongo Hotheads" ya mwaka 2012. Singeli ya leo nayo ina damu hiyo.

Niliposikiliza Jagwa Music usiku ule nikiwa na MT-40 kichwani, niligundua jambo lililonifurahisha. Kingston na Mwananyamala walipokea zawadi ileile wakaigawa kinyume. Wajamaika walichukua mapigo yaliyofungiwa ndani wakaviacha vitufe. Watoto wa mchiriku walichukua vitufe. Mapigo hawakuyahitaji, kwa sababu ngoma walikuwa nazo, tena za kutosha. Fumbo la utotoni la kwa nini humo hamna mdundiko likapata jibu la pili, lililo bora kuliko lile la hoteli: mdundiko haukuhitaji kuwekwa ndani ya plastiki. Ulikuwa nje, unakingoja kinanda kitoke.

Na neno letu lenyewe linaruhusu uhuru huo. Kinanda, kwa wazee wa Lamu na Unguja, kilikuwa chombo cha nyuzi, cha kuweka pajani na kukwanyua. Kisha neno likahamia kwenye ogani ya kanisa, likahamia kwenye piano, likafika kwenye plastiki ya baharia. Kila chombo kigeni kilichotia nanga kilipewa jina la kale na kuambiwa kijifunze tabia za nyumbani.

Barazani tena

Nilikwenda Tanga mwezi uliofuata. Nyumba ya bibi sasa ni ya dada, na baraza ni ileile. Nilikuwa nimepata rekodi safi ya MT-40 ikipiga Rock, peke yake, bila Jammy, bila piano wala makofi, kwa mwendo wa kiwandani. Sikumwambia kitu. Nilisubiri amalize kuchambua mchele, nikaiweka simu ukutani ilie.

Ngoma ya kitunguu ikaanza. Kisha besi.

Dada hakuinua uso. Mkono wake wa kushoto uliacha mchele, kidole kikashuka juu ya ukingo wa ungo, mahali pa pili kutoka mwisho, kikabonyeza. Mtoto wake akamtazama, akatutazama sisi wawili, akauliza ni wimbo gani.

"Garimoshi," dada akamwambia. Kisha akanigeukia, anacheka. "Hili sasa limetiwa makaa."